Shingo ya Mpiga Kafi

Kando ya Mto Tana, pande za Garsen, wapo wazee wa Kipokomo wanaovusha watu kwa mtumbwi hata jua likishatua. Jioni moja nilimwona mmoja wao akifanya kazi. Katikati ya maji aliinua kafi, akangoja matone yaishe kudondoka, akafumba mdomo. Shingo ndiyo iliyofuata. Kichwa kilikwenda kulia polepole, kikarudi kushoto kidogo, kikasimama, kisha kidevu kikainuka. "Yuko nyuma yetu, mwanangu, upande wa miembe," alisema, akausogeza mtumbwi ukingoni. Punde kiboko akaibuka, akapumua palepale. Pumzi yake ya kwanza, ya kabla ya hiyo, tuliisikia sote. Aliyejua ilikotoka ni mzee peke yake.

Ufundi huu una hesabu yake. Sauti ikitoka kulia, sikio la kulia huipata kwanza, la kushoto huchelewa kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini sauti ya mbele kabisa na ya nyuma kabisa huyafikia masikio yote mawili kwa pamoja, na aliyekaa tuli huzichanganya kwa urahisi. Akigeuza kichwa kidogo tu, sikio moja hutangulia, na jibu hupatikana. Mwaka 1940 mwanasaikolojia Hans Wallach aliyaeleza haya baada ya majaribio yake huko Marekani. Shingo za watu wa mtoni zilikuwa zikiyatenda siku zote.

Mchungaji wa Kiorma naye hamtafuti ng'ombe aliyepotelea kwenye vichaka vya mathenge kwa macho. Huinamisha kichwa, hunasa mlio wa kengele, hupiga hatua chache, husikiliza tena kutoka pengine.

Leo kijana hupanda mtumbwi waya za simu zimemziba masikio yote mawili, shingo imeinamia kioo. Ng'ambo jenereta inanguruma, na bodaboda zinapigiana honi. Daraja la Garsen linatuvusha upesi, nami nalishukuru, ila juu yake hakuna anayelazimika kusikiliza chochote. Wazee wanaondoka na ujuzi ambao hakuna aliyewaomba wauache, maana ulionekana si kazi, ni kugeuza kichwa tu.

Wazazi wa Tana, watoto wenu wakivuka jioni, waambieni wazitoe waya hizo, wakae karibu na mpiga kafi, wamtazame shingo.