Siri zikae nje ya msimbo: uchambuzi wa faili la .env katika Laravel

Programu ya tovuti huishi angalau sehemu mbili: kwenye kompyuta ya anayeiandika na kwenye seva inayohudumia watu. Hifadhidata ni tofauti, nywila ni tofauti, lakini msimbo lazima uwe ule ule. Tofauti hizo ziwekwe wapi?

Mwaka 2011 Adam Wiggins wa kampuni ya Heroku alilijibu swali hilo katika mwongozo wake wa kanuni 12, Twelve-Factor App: ziwekwe kwenye vigeu vya mazingira, nje kabisa ya msimbo. Kipimo chake ni kikali. Je, msimbo wako ungeweza kuanikwa hadharani sasa hivi bila siri hata moja kuvuja?

Laravel, fremu ya PHP ya kujengea tovuti, hutimiza kanuni hiyo kwa faili la .env. Mradi mpya huja na faili la mfano, .env.example, lenye majina ya vigeu bila siri zake, na hili ndilo huhifadhiwa kwenye Git. Anayejiunga na timu hulinakili kwa jina la .env, hujaza DB_DATABASE, DB_USERNAME na DB_PASSWORD za kompyuta yake, kisha huendesha php artisan key:generate ili APP_KEY ipatikane. Faili lake la .env limetajwa kwenye .gitignore, hivyo halitoki kwenye kompyuta yake.

Hatua inayorukwa na wengi ni ile iliyo kati ya .env na msimbo wa programu. Mafaili ya folda ya config ndiyo yanayopaswa kusoma vigeu kwa env(). Sehemu nyingine zote za programu huuliza config(). Ukiita env() popote upendapo, kwenye kompyuta yako kila kitu kitaenda sawa. Kasheshe huanza kwenye seva, unapoendesha php artisan config:cache ili kuongeza kasi. Kuanzia hapo Laravel haisomi tena .env, na env() iliyo nje ya config hurudisha null. Barua pepe hazitumwi, malipo yanagoma, nawe ukifungua .env unakuta kila nywila ipo mahali pake.

APP_DEBUG nayo ina hatari yake. Ikiwa true kwenye kompyuta yako, hukuonyesha mstari wenye kosa. Ikibaki true kwenye seva ya umma, ukurasa huohuo wa kosa unaweza kumfunulia mgeni mipangilio ya siri.

Na ikitokea .env imeingia Git, usidhani kuifuta kunatosha, kwani historia ya Git huitunza. Badilisha kila nywila na kila ufunguo uliokuwamo, siku hiyohiyo. Kisha fungua mradi wako leo, tafuta env() zote zilizo nje ya config, uzihamishe kabla seva haijakulazimisha.