Sifa ya Mguu Mmoja

Kutembea ni kusimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine. Katika mzunguko mmoja wa mwendo, kila mguu hubeba mwili peke yake kwa takriban asilimia 40 ya muda. Miguu yote miwili hukanyaga chini pamoja kwa asilimia 20 tu. Anayekimbia hana hata hiyo 20. Kwa hiyo anayepima nguvu zake kwa kuchuchumaa kwa miguu yote miwili hajajua jambo lenyewe, maana mguu wenye nguvu humsitiri mwenzake dhaifu, kama kaka anayemlipia mdogo wake madeni kimyakimya. Deni hujulikana siku ya utelezi.

Mguu mmoja ukiinuliwa, uzito wa mwili huelekea kuivuta chini nyonga iliyobaki hewani. Kinachozuia ni msuli wa kando ya nyonga ya mguu unaosimama, ambao hushika kiuno kisilale upande. Kazi hiyo si ndogo. Msuli huo huvuta ukiwa karibu sana na kiungo, ilhali uzito unaopingana nao uko mbali zaidi, na hivyo kiungo cha nyonga hubanwa kwa nguvu ya takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili mzima. Mwaka 1895 daktari mpasuaji Mjerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza dalili ya msuli huo unaposhindwa: mgonjwa husimama kwa mguu mmoja na nyonga ya upande wa pili hushuka. Madaktari bado wanatumia kipimo hicho, nacho hakihitaji chombo chochote.

Chini zaidi, kifundo cha mguu hutetemeka bila kukoma. Wengi huona mtetemo huo kuwa ni udhaifu, kumbe ndiyo kazi yenyewe. Ubongo hupokea habari kutoka kwa macho, sikio la ndani na viungo vyenyewe, kisha huamuru misuli midogo ya unyayo irekebishe mwili kabla haujaanguka. Anayefumba macho huondoa shahidi mmoja kati ya watatu, na papo hapo huhisi sakafu ileile imegeuka mtumbwi.

Gisenyi, nchini Rwanda, ni mji unaofundisha somo hili bila kutangaza. Uko kando ya Ziwa Kivu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,460, na kilima cha Rubavu kimesimama juu ya paa zake. Atokaye ufukweni kwenda mitaa ya juu hupanda, na arudiye hushuka. Kwenye kivuko kidogo cha mpaka na Kongo, wachuuzi hupita na mabeseni kichwani, shingo wima, macho mbele, na kila hatua yao ni zoezi la mizani lenye mzigo juu yake.

Goma, ng'ambo ya mpaka huo, ndiyo nyumbani kwa chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili lisilo na injini wala pedali. Mwendeshaji huweka goti au wayo mmoja juu ya ubao, na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Magunia ya viazi, makaa na kabichi husafiri hivyo, na mzigo hufika mamia ya kilo. Mji umelitukuza gari hili kwa sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara, na heshima hiyo ni haki yake. Hata hivyo mwalimu wa mazoezi angeongeza sharti moja: mwendeshaji abadilishe mguu. Anayesukuma kwa kulia miaka yote hujenga mguu mmoja na kuudhulumu mwingine.

Rwanda ya kale nayo ilikuwa na ufundi wake, gusimbuka urukiramende, yaani kuruka juu ya kiunzi cha matete. Mrukaji alikimbia, akakanyaga jiwe au kichuguu kidogo kwa mguu mmoja, akapaa, kisha akatua kwenye ardhi tupu. Mwaka 1907 msafara wa Mjerumani Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulipiga picha za warukaji hao, naye mwenyewe aliandika kwamba walivuka mita 2.50. Rekodi ya kwanza ya dunia ya kuruka juu iliyothibitishwa rasmi, ya George Horine wa Marekani mwaka 1912, ilikuwa mita 2.00. Vipimo hivyo viwili havilingani sawasawa, kwa kuwa kichuguu kilimwinua mrukaji kabla hajaruka. Lakini picha zipo, na zinaonyesha mguu mmoja unavyoweza kuurusha mwili mzima.

Nyumbani hakuna haja ya kuruka. Hatua ya kwanza ni kusimama tu: peku, kando ya ukuta, goti la mguu unaosimama likiwa limelegea kidogo, macho yakitazama kitu kisichotikisika. Sekunde 10 zinatosha kuanzia, na 30 ni lengo zuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kutoka Brazil uliwapima watu 1,702 wenye umri wa miaka 51 hadi 75 kwa sekunde hizo 10. Mmoja kati ya watano alishindwa, na walioshindwa walifariki kwa kiwango kikubwa zaidi katika miaka iliyofuata. Hiyo haimaanishi kwamba kusimama hivyo kunarefusha maisha. Inaonyesha tu kwamba mizani ya mwili hubeba habari nyingi za afya.

Hatua ya pili hutaka kidato. Kidato cha nyumba cha sentimita 15 hadi 20 kinafaa kabisa. Wayo wote hukaa juu ya kidato, goti huelekea kwenye vidole bila kuangukia ndani, na mwili huinuliwa na mguu wa juu peke yake. Udanganyifu hutokea hapa: vidole vya mguu wa chini husukuma kwa siri. Anayeinua vidole hivyo kabla ya kupanda hukata njia ya udanganyifu.

Kushuka kuna thamani kubwa kuliko kupanda, nako ndiko hupuuzwa. Msuli wa mbele ya paja hurefuka huku ukikaza, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani kwa kamba badala ya kuiachia. Sekunde tatu au nne za kushuka taratibu hufanya kazi kubwa, na maumivu ya paja ya siku ya pili hutokana hasa na sehemu hii. Mkazi wa mji wa milima asipojifunza kushuka, magoti yake hulipa.

Baadaye huja kuinama kwa mguu mmoja, mgongo ukinyooka na mguu wa pili ukienda nyuma, kama korongo anayeinamia maji. Dumu la lita 5 lililojaa maji, lenye takriban kilo 5, hutosha kuwa uzito. Mara 8 kwa kila mguu, raundi 3, siku 3 kwa wiki: hicho ni kipimo cha kawaida. Mguu dhaifu hutangulia, na wenye nguvu hauzidishi idadi ya mwenzake.

Mwenye mguu uliojeruhiwa naye asikate tamaa. Mwaka 1894, katika chuo cha Yale, Edward Scripture na wenzake waliona kwamba kuufunza mkono mmoja huongeza nguvu za mkono wa pili ambao haukufanya lolote. Miguu nayo hufuata kanuni hiyo, kwa kuwa sehemu ya nguvu hukaa katika mishipa ya fahamu.

Wazee ndio wanaostahili ufundi huu kuliko wote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kuanguka huua watu 684,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na huwashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na mizani siku 3 au zaidi kwa wiki. Kwao ukuta usiachwe, wala macho yasifumbwe. Mzee anayeshuka kidato cha nyumba yake usiku, taa mkononi, hushuka kwa mguu mmoja, na mguu huo uandaliwe mchana.