Margarete na Gretchen: Udogo Usiodunisha katika Faust ya Goethe

Istilahi “udunishaji”, inayotumiwa katika sarufi ya Kiswahili kwa maumbo ya udogo, imebeba hukumu: kilichopunguzwa kimefanywa duni. Hukumu hiyo inalifaa neno kama kijitu, lakini humpotosha msomaji anapokutana na majina ya utotoni ya Kijerumani. Humo viambishi tamati -chen na -el huongezwa kwenye jina ili kumbembeleza mtoto: Hans huwa Hänschen au Hänsel, Margarete, likishafupishwa kuwa Grete, huwa Gretchen au Gretel.

Katika sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Faust (1808), Goethe amelifanya badiliko hilo kuwa sehemu ya maana. Msichana ambaye kwa maneno ya Faust amepita tu umri wa miaka 14 hutajwa kwenye matini kuwa Margarete anapokutana naye barabarani, Gretchen anaposokota nyuzi peke yake chumbani, na Margarete tena gerezani. Mtazamaji ukumbini hazioni lebo hizo. Husikia tu vinywa vinavyomwita. Jirani yake, Marthe, humwita Gretelchen, umbo lenye viambishi vyote viwili, kwa mazoea ya ujirani. Valentin, kaka yake, akikata roho, humwita Gretchen wake, humkumbusha kuwa angali mdogo, kisha humtangaza kahaba mbele ya umati. Gerezani, akili ikiwa imemtoka, hamtambui Faust hadi anaposikia sauti yake ikiita Gretchen.

Kwa hiyo kiambishi chenyewe hakina dharau wala mahaba ya kudumu. Kinachobeba ni ukaribu, na aliye karibu ndiye awezaye kufariji na kuumiza. Sarufi pekee haitoshi kulieleza hili. Nomino yenye -chen huingia katika jinsi isiyo ya kike wala ya kiume, kama Mädchen, yaani msichana. Mhakiki aliyezoea kitoto chenye upatanisho wa KI-VI anaweza kudhani kwamba mtu amegeuzwa kitu. Mjerumani hasikii tusi hilo.

Suala hili lina uzito katika tafsiri. Kiambishi ki- kikibandikwa kwenye jina la msichana huyu kitaleta kejeli. Kiswahili hubebesha ukaribu wa aina hii istilahi za ujamaa: Marthe angeweza kusema “mwanangu”, na Valentin “mdogo wangu”, nasi tungeusikia ukatili wa kaka anayemkana nduguye. Gerezani, hata hivyo, “mpenzi” halitoshi, kwa kuwa kinachotambuliwa ni sauti pamoja na jina lenyewe. Hapo Gretchen hana budi kubaki Gretchen. Tafsiri inayotumia jina moja tangu mwanzo hadi mwisho kwa kumwonea huruma msomaji humnyima njia ya kujua ni nani, na kwa haki gani, anamwita msichana huyu kama mtoto.