Dau Lililoshindwa Halipotei Bure

Mnada wa mtandaoni unapofungwa, mshindi huondoka na bidhaa na walioshindwa hudhaniwa kuwa wametoka mikono mitupu, ilhali kila mmoja wao amemwachia muuzaji kitu ambacho asingekitoa kirahisi katika mapatano ya ana kwa ana, yaani kiasi cha juu kabisa alichokuwa tayari kulipa. Juu ya taarifa hiyo ndipo ulipojengwa utaratibu unaoweza kuitwa ofa ya nafasi ya pili, ambao humruhusu muuzaji kumrudia mzabuni aliyeshindwa na kumuuzia bidhaa bila kuitisha mnada mwingine. Ofa hiyo huonekana kama hisani kwa aliyekosa, lakini hesabu yake inaonyesha kwamba anayefaidika zaidi ni anayeitoa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa eBay, soko la Marekani lililoanzishwa mwaka 1995 na Pierre Omidyar. Muuzaji wa soko hilo anaweza kutuma ofa kwa walioshindwa ndani ya siku 60 baada ya mnada kufungwa, iwapo ana bidhaa nyingine inayofanana na iliyouzwa, au mshindi ameshindwa kulipa, au bei ya kikomo (kiwango cha siri ambacho muuzaji hakubali kushuka chini yake) haikufikiwa. Anayepokea ofa hupewa siku 1, 3, 5 au 7 za kuamua, na bei anayotajiwa ni dau lake mwenyewe la juu.

Kiini cha suala kimo katika sharti hilo la bei. Katika mnada wa aina hii mzabuni huiambia mashine ukomo wake, nayo humpandishia dau kidogo kidogo kila anapopitwa, hivyo kwamba mshindi halipi ukomo wake bali ukomo wa anayemfuata pamoja na nyongeza ndogo. William Vickrey, mchumi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1996, alikwisha kuonyesha katika makala yake ya mwaka 1961 kwamba mshindi anapolipa bei ya wa pili, mzabuni hana sababu ya kuficha thamani anayoiona katika bidhaa, kwa kuwa kutaja ukomo wa kweli hakumwongezei gharama. Ofa ya nafasi ya pili inauvunja msingi huo kwa yule anayeipokea, kwa sababu yeye hutakiwa kulipa ukomo wake wote hadi shilingi ya mwisho.

Chukuliwe mfano wa kubuni wa muuzaji mwenye mashine mbili za boti zinazofanana, bidhaa isiyokosa wateja katika mialo ya Mwanza, ambaye ameitangaza moja tu mtandaoni na kuifungia nyingine stoo. Wazabuni watatu wana ukomo wa shilingi 4,200,000, 3,900,000 na 3,100,000, na nyongeza ya kila dau ni shilingi 50,000. Mshindi atalipa 3,950,000, kisha wa pili atatumiwa ofa ya 3,900,000, na muuzaji atakusanya jumla ya 7,850,000. Lau angezitangaza mashine zote mbili kwa pamoja, kwa kanuni kwamba washindi wawili hulipa bei moja inayompita kidogo aliyekosa, kila mmoja angelipa 3,150,000 na jumla ingekuwa 6,300,000. Tofauti ya shilingi 1,550,000 haitokani na ubora wa mashine wala na ongezeko la wateja. Inatokana na kuificha mashine ya pili wakati wa mnada.

Faida hiyo, hata hivyo, hudumu kadiri wazabuni wasivyoitarajia. Anayejua kwamba muuzaji ana akiba stoo hana sababu ya kutaja ukomo wake wa kweli, kwani anaweza kutaja dau la chini, akashindwa, kisha akasubiri ofa imfikie kwa bei aliyojipangia mwenyewe.

Lipo tatizo zito zaidi, nalo ni la mzabuni bandia, mtu anayepandisha dau kwa niaba ya muuzaji bila nia ya kununua. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, humkataza muuzaji ambaye hakutangaza haki yake ya kushiriki katika mnada kuweka dau yeye mwenyewe au kupitia mtu mwingine, na humpa mnunuzi uwezo wa kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Mbali na sheria, kinga ya asili ilikuwa hatari ya bandia huyo kushinda na muuzaji kubaki na mali yake. Ofa ya nafasi ya pili huiondoa hatari hiyo, maana bandia akishinda kwa bahati mbaya hudaiwa kuwa "hakulipa", na mzabuni wa kweli aliyeshika nafasi ya pili hurudiwa kwa bei iliyokwisha kupandishwa. Hapo ndipo ubovu wa utaratibu huu unapoonekana waziwazi kuliko penginepo.

Matapeli nao waliuona mlango huo mapema. Majina ya wazabuni yalipokuwa yakionekana na kila mtu, waliwaandikia walioshindwa wakijifanya wauzaji, na baadaye eBay ikaanza kuyaficha. Ujanja wenyewe si mgeni kwa Mtanzania aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii": humlenga mtu ambaye tayari anasubiri jambo fulani.

Minada ya magari ya Japani, ambayo wanunuzi wa Mwanza huifikia kupitia mawakala, ina sura nyingine ya jambo hili. Gari lisipofikia bei ya kikomo, aliyetaja dau la juu hualikwa kwenye mazungumzo na muuzaji, naye bado ana uhuru wa kukataa.

Kanda ya Ziwa yenyewe ina mfumo ambao umeliingiza swali la walioshindwa ndani ya mnada badala ya kuliacha nje. Dengu na choroko zimeingizwa katika stakabadhi ghalani, utaratibu wa mkulima kukabidhi mazao ghalani kupitia chama chake cha msingi na kupewa hati inayothibitisha uzito na ubora, kisha mazao huuzwa kwa mnada wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Kila mnunuzi hutaja bei pamoja na kiasi anachotaka, mfumo huzipanga bei kuanzia ya juu, na wa chini yake hupewa kinachobaki mpaka mzigo uishe. Ndiyo maana matokeo hutangazwa kwa bei mbili: katika mnada wa kwanza wa korosho wa chama kikuu cha ushirika cha TANECU kule kusini, Oktoba 2024, bei ya juu ilikuwa shilingi 4,120 kwa kilo na ya chini 4,035.

Kwa hiyo aliyetaja bei ya chini kuliko ya kwanza hasubiri ujumbe wa pembeni, kwani nafasi yake ya pili imo katika orodha ileile inayosomwa mbele ya wakulima. Nao wakulima ndio wanaoridhia au kukataa bei hizo. Wakizikataa, mzigo hubaki ghalani kusubiri mnada mwingine. Udhaifu wa mfumo huu ni kwamba kila mshindi hulipa alichotaja, na kwa kuwa aliyelipa 4,035 hupata korosho kama aliyelipa 4,120, mnunuzi mwerevu wa mnada unaofuata atajitahidi kuikisia bei ya chini itakayopita badala ya kutaja thamani anayoiona yeye. Ukisio huo huwa mwepesi mzigo unapokuwa mkubwa kuliko mahitaji ya wanunuzi waliojitokeza, kwa sababu siku hiyo karibu kila dau hupata kitu, na hapo linalobaki kuizuia bei isiporomoke ni wakulima kukataa.