Mkono Usiovuta

Taya likiwa dogo kuliko meno yake, meno hupandana, na chonge hutokeza juu ya ufizi kwa kukosa pa kukaa. Hapo daktari wa meno anaweza kuamua kwamba machache yaondoke kabla waya za kunyoosha meno hazijafungwa. Mara nyingi huchaguliwa magego madogo ya kwanza, yaliyo nyuma tu ya chonge. Ni meno mazima, yenye mshiko kamili, tena yamebanwa na majirani pande zote. Kuyatoa bila kuumiza kitu kingine ni ufundi ninaouheshimu sana.

Mzizi wa jino haujashikamana moja kwa moja na mfupa. Kati yake na mfupa kuna nyuzi, katika upenyo wa takriban milimita 0.2, na kazi yote imo humo. Ganzi ikishakolea, daktari hupenyeza chombo chenye bapa jembamba, ncha ikiufuata mzizi. Husukuma kidogo, hutulia, husogea pembeni, husukuma tena, na nyuzi hukatika kidogo kidogo. Mfupa ukikandamizwa taratibu hutanuka. Ukilazimishwa huvunjika, na ukuta wake wa upande wa shavu mahali pengine haufiki unene wa milimita 1.

Utazame mkono wa kushoto, ambao wengi hatuujali. Kidole gumba na cha shahada vimeshika ufizi pande mbili za jino, na ndivyo vinavyosikia mfupa ukilegea kabla jicho halijaona chochote. Wala chombo hakiegemezwi kwenye jino la jirani, maana nalo litalegea.

Zamani huko Ulaya walitumia ufunguo wa meno: kulabu iliyonasa jino na kulizungusha kwa ubavu, ikivunja jino na pengine taya. Mwaka 1841 John Tomes wa London aliandika juu ya koleo zilizochongwa kufuata umbo la shingo ya kila aina ya jino. Naliona hilo kuwa jambo kubwa, kwa kuwa tangu hapo chombo kililazimika kulijua jino.

Kulijua ni muhimu mpaka leo. Gego dogo la kwanza la juu kwa kawaida lina mizizi miwili myembamba. Ukilizungusha, ncha hubaki ndani. Hilo huyumbishwa polepole, shavuni na kaakaani. Mwenzake wa chini, mwenye mzizi mmoja, hukubali kuzungushwa kidogo. Jino likikataa kabisa, daktari hodari haongezi nguvu; hulikata vipande kwa keekee, kila mzizi ukatoka kwa njia yake.

Likishatoka, hukagua ncha ya mzizi kama ni nzima, hubana tundu kwa vidole, kisha mgonjwa huuma shashi kwa nusu saa hivi. Siku hiyo hasukutui wala havuti sigara, ili donge la damu lisibanduke.