Noeli njema, waheshimiwa. Lakini mlituuliza habari?



Kila mwaka, tarehe 15 Desemba, Bunge letu la Kinshasa linafunga kikao cha Septemba. Katiba ndiyo imepanga hiyo tarehe, na kazi kubwa ya kikao hicho ni bajeti. Siku ya kufunga kuna hotuba. Mimi naifuata kwenye redio karibu kila mwaka, na leo nataka tuisome vile tulifundishwa kusoma maandishi: nani anasema, anamwambia nani, na ananyamazia nini.

Hotuba hiyo iko na njia yake, hata msemaji akibadilika. Inaanza na heshima kwa wakubwa, kila mtu na cheo chake. Halafu inahesabu kazi iliyofanyika na sheria zilizopigiwa kura. Inafika kwenye vita ya Mashariki: pole kwa waliofiwa, pongezi kwa askari. Kisha shukrani kwa wabunge wenzake, wa upande wa Serikali na wa upinzani, na kwa wafanyakazi wa Bunge. Mwisho, Noeli njema na Bonane yenye baraka. Nyundo inagonga, watu wanaenda likizo.

Sitaki kucheka adabu hiyo. Mnakumbuka Desemba 2020? Ndani ya ukumbi ule ule wa Palais du Peuple kulikuwa fujo, viti vikavunjwa. Na tarehe 10, kura 281 zikamuondoa Jeanine Mabunda kwenye uongozi wa Bunge. Nyumba yenye viti 500 na watu wanaogombana hivyo inahitaji siku moja ya kutakiana mema. Mtu aliyekupa mkono leo, kesho ataona haya kidogo kukurushia kiti. Hiyo si kitu kidogo.

Shida yangu niliipata kwa mama, si kwenye kitabu. Mwaka moja tulikuwa Katuba, umeme haukuwepo, redio ya betri iko juu ya meza, yeye anachambua maharagi. Mimi ni mwalimu N.U.; mnajua maana yake: nafundisha, lakini jina langu bado halijafika kwenye listi ya mishahara ya Serikali. Hotuba ikaisha, makofi yakapigwa. Mama akauliza: «Sasa, ametuuliza habari?»

Nikanyamaza. Kumbe hapo ndipo hotuba yote inavunjika. Kwetu salamu ni swali. Ukiingia kwa mtu unasema «Habari ya hapa?», halafu unangoja. Anaweza kukujibu «muzuri», anaweza kukuambia mtoto anaumwa. Mtu anayesalimia huku anatembea, bila kungoja jibu, tunasema huyo amepita tu. Hotuba ya 15 Desemba inatupita. Inatutakia furaha bila kuuliza kitu gani kimetukosesha hiyo furaha.

Kuna mfano wa mbali unaonisaidia. Kule Uingereza pia, kabla ya likizo ya Noeli, wabunge wako na mjadala wa kuagana, na kila mmoja anaweza kuleta jambo analotaka. David Amess, mbunge wa Southend West, alijulikana sana juu ya namna yake: kwa dakika chache alitaja mambo mengi ya watu wake, moja nyuma ya lingine, hospitali, treni, shida ya familia fulani, na tena na tena ombi lake kwamba Southend ifanywe jiji. Aliuawa tarehe 15 Oktoba 2021, akiwa anapokea wananchi wake ndani ya kanisa. Siku tatu nyuma yake, ombi la Southend likakubaliwa. Sisemi Wazungu ni malaika; kwao pia shukrani nyingi ni desturi tu. Nasema salamu ya mtu yule ilibeba mzigo. Ukiisikiliza, unajua alikuwa ameuliza watu habari na amengoja jibu.

Ndiyo maana siombi wafute Noeli kwenye hotuba. Naomba kila mbunge, kabla ya kutaka heri, ataje jambo moja la watu wake ambalo mwaka umeisha bila kupata jibu. Moja tu. Halafu likizo yake ianzie kwa watu hao.

Na sisi tusijifanye wasafi. Mkutano wetu wa mwisho wa mwaka unakaribia, na naijua hotuba yake: tutashukuru wakubwa waliotoa mchango, tutapiga picha. Mwaka jana hakuna aliyetaja wenzetu waliomaliza masomo na mpaka leo wanauza kredi ya simu barabarani. Safari hii, kabla ya kusema Bonane, mtu asimame aulize habari. Na sisi wengine tungoje jibu.