Mwenye Redio na Mwenye Sikio

Husemwa mara nyingi kwamba redio ikiwa mali ya dini, mafundisho ya kujikinga na maradhi ya zinaa hufichwa. Ikiwa mali ya umma, hutangazwa. Neno hili lina ukweli, walakini si ukweli wote. Yafaa tulipime kwa kazi mbili zilizotungwa katika Afrika Mashariki, kwani katika kazi hizo huonekana wazi zaidi ni nani hasa mwenye sauti.

Kazi ya kwanza ni mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993 katika Redio Tanzania Dar es Salaam, iliyokuwa redio ya Serikali. Ulisikika mara mbili kwa juma. Ndani yake yumo Mkwaju, dereva wa lori, mlevi na mpenda wanawake, ambaye mwishowe hufa kwa UKIMWI. Yumo pia Tunu, mkewe, ambaye mwanzoni ni mnyonge, kisha hupata moyo wa kumwacha na kuanza biashara yake ndogo. Eneo la Dodoma halikuupata mchezo huo mpaka mwaka 1995, ili watafiti wapate kulinganisha. Ikaonekana kwamba mahali uliposikika watu walipunguza wapenzi, na walitumia kondomu zaidi kuliko wenzao wa Dodoma.

Msomaji akiutazama vema mchezo huu ataona kwamba umbo lake ni la mawaidha. Pana kosa, pana onyo, pana malipo. Mhubiri wa kanisani au msikitini angeweza kumsimulia Mkwaju bila haya. Lakini ndani ya umbo hilo limetiwa neno ambalo wahubiri wengi hulikwepa, yaani kondomu, nalo halikusimama peke yake kama amri. Lilikuja baada ya msikilizaji kuona msiba kwa macho ya moyo wake.

Kazi ya pili ni tangazo la televisheni la Kenya. Wanawake wawili wanazungumza sokoni. Mmoja ni mke wa mtu, naye ana mpenzi wa nje. Mwenziwe anamshauri atumie kondomu. Viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walilalamika kwamba tangazo hilo lahalalisha uzinzi, na mwezi Machi 2013 likaondolewa. Hapo hapakuhitajika hati ya kumiliki kituo. Ilitosha kwamba dini zina heshima masikioni mwa watu.

Kwa haki ni lazima tukiri kwamba waliolalamika walikuwa wasomaji wazuri wa hadithi ile. Kama sanaa, ilikuwa dhaifu. Mwanamke yule hakuumia, hakubadilika, hakuulizwa neno; alipewa kinga kama apewavyo mtu mwavuli mvua ikinyesha. Kosa lao lilikuwa katika hukumu. Hadithi dhaifu hutakiwa kutungwa upya, wala si kuzimwa. Kwa maana uzinzi haukuondoka pamoja na tangazo, bali mashauri ya kujikinga ndiyo yaliyoondoka.

Je, vituo vya dini vyenyewe? Redio Maria ilianza Tanzania mwaka 1996. Ni redio ya Wakatoliki, na Kanisa lao, kwa waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, limekataza njia zisizo za asili za kuzuia mimba. Hatuwezi kuitaka iisifu kondomu. Afunguaye redio hiyo ajua anaisikiliza imani ya nani, na katika kujua huko mna uaminifu fulani. Hata hivyo, Papa Benedikto wa XVI alikiri katika kitabu cha mahojiano cha mwaka 2010 kwamba, kwa mtu fulani, kuitumia ili asimwambukize mwingine huweza kuwa hatua ya kwanza ya kutambua wajibu. Ikiwa Papa aliweza kulitamka neno hilo, kituo cha umma kina udhuru gani? Hicho kikinyamaza, hunyamaza kwa jina la watu wote, wala hakisemi ni imani ya nani iliyokifunga kinywa.

Kwa hiyo mhakiki asitosheke kuuliza redio ni ya nani. Na aulize pia ni nani aliyesahauliwa katika hadithi. Mahubiri ya kujizuia na ya uaminifu ni mema, lakini uaminifu ni kazi ya watu wawili. Mkwaju anapokuwa njiani na hawara zake, Tunu yuko nyumbani, ameshika kila amri aliyofundishwa, na bado hana ngao. Redio yoyote, ya msalaba, ya mwezi na nyota au ya bendera ya taifa, isiyokuwa na neno la kumwambia mwanamke huyo, imemwachia Mkwaju amalize hadithi.